Kwa nini shingo iliyoumia hupona ikisogezwa?

Daladala ya Mbagala ikifunga breki ya ghafla, mwili hubaki kwenye siti, kichwa kikatangulia. Jioni hiyo huhisi maumivu yoyote. Kesho yake unaitwa jina, unataka kugeuka, unajikuta umegeuka na mabega.

Yaliponipata, nilinunua kola ya shingo duka la dawa, nikaivaa wiki mbili mchana na usiku. Niliamini kilichoumia lazima kitulie. Nilipoivua, shingo ilikuwa imekaza kuliko siku ya kwanza. Imani hii tumeirithi kwenye mfupa: ukivunjika hufungwa plasta, basi tunadhani misuli na kano nazo zinataka vivyo hivyo. Hata hospitali zimegawa kola kwa miaka mingi. Mwaka 1995 jopo la wataalamu huko Quebec, Kanada, lilipitia tafiti za majeraha haya, likashauri watu warudi mapema kwenye shughuli zao.

Siri iko kwenye nyuzi. Kano ikichanika kidogo, mwili huziba pengo kwa nyuzi za kolajeni, protini inayojenga kano, nazo huanza zikiwa shaghalabaghala, kama usumba wa makumbi yaliyotoka kufukuliwa ufukweni. Usumba huo haufungi hata mbuzi. Mpaka msokota kamba auvute na kuusokota upande mmoja ndipo unashika mashua. Shingoni, msokota kamba ni mwendo: kila ukigeuka taratibu, nyuzi huvutwa kuelekea upande wa kazi yake. Zisipovutwa, hugandamana hovyo, na misuli inayobeba kichwa cha takriban kilo 5 hunyong'onyea kwa kukosa kazi.

Basi geuza kichwa polepole mpaka panapoanza kuvuta, rudi katikati, kisha upande wa pili. Mara chache tu, lakini rudia kutwa nzima. Kukanda kwa khanga ya maji ya moto hutuliza, ingawa ushahidi kwamba kunaharakisha kupona ni hafifu. Kinyozi anayeshika kidevu na kisogo akapindua ghafla mpaka shingo ilie, mkatalie.

Haya yote si kwa kila shingo. Ukiona ganzi mikononi, miguu kulegea au mkojo hauzuiliki, ama umeanguka na bodaboda, au una miaka 65 na zaidi, usijaribu kugeuza chochote kabla ya kuonwa hospitali.

Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa. Mimi nilijipima kwa kuvuka Barabara ya Morogoro: siku ya kumi tangu niivue kola, nilitazama kulia na mabega yakabaki mbele.