Tafuta mpokeaji kabla hujafungua kabati

Kazi yangu ni kupanga nyumba za watu hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni vitu vya watoto: nguo zilizowabana, viatu, midoli, baiskeli za magurudumu matatu, vitabu vya madarasa waliyokwishavuka. Wazazi wengi hunipigia wakiwa wameshaanza wenyewe. Wamejaza viroba, wamevipanga koridoni, na viroba vimekaa hapo hadi watoto wameanza kuchomoa kimoja kimoja na kurudisha chumbani.

Ndiyo maana mimi naanzia upande wa pili. Kabla kabati halijafunguliwa, namuuliza mama mwenye nyumba: hivi vitu vinakwenda kwa nani? Tusipopata jina la mtu au la mahali, siku hiyo hatugusi kitu. Ukishamjua mpokeaji, kuchambua kunakuwa kwepesi, maana unajua unatafuta saizi gani na vitu vya aina gani, na mzigo una siku yake ya kuondoka.

Mtu wa kwanza kuulizwa ni dada anayefanya kazi hapo nyumbani. Mara nyingi ana mtoto wake au wadogo zake mkoani. Ndiye aliyezifua nguo hizo miaka yote, anajua ipi zipu yake mbovu na ipi imevaliwa sikukuu moja tu. Aitwe mapema na achague mwenyewe, kabla ya shangazi na majirani, asije akaachiwa masalia jioni. Asipotaka, asilazimishwe kuchukua. Akichukua, mwenye nyumba alipie na usafirishaji. Kiroba kinachosubiri nauli ya kwenda Singida bado kimo ndani ya nyumba yako. Kipelekwe kituo cha mabasi pale Mbezi, kilipiwe, dada apewe stakabadhi mkononi.

Sare za shule zina utaratibu wake. Shule nyingi za msingi za serikali zinavaa shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu iliyokoza, kwa hiyo sare hizo zinamfaa mtoto wa mtaa wowote. Za shule binafsi zina nembo na rangi zake, hazina kazi nje ya geti la shule ile. Mpigie mwalimu wa darasa, atakutajia mzazi anayezihitaji. Fanya hivyo Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla wazazi hawajanunua za Januari. Vitabu vya kiada vinataka jicho zaidi, kwa sababu mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kwa awamu. Kabla hujampelekea mtu kitabu cha zamani, uliza kama darasa lake bado linakitumia. Vitabu vya hadithi na kamusi havina shida hiyo.

Kuna wanaoniambia, "Hizi nawawekea watakaokuja." Nawaelewa, lakini joto na unyevu wa Dar haviwangoji hao watoto. Msimu mmoja wa masika kwenye stoo isiyopitisha hewa unatosha kuotesha ukungu kwenye pamba. Mpira wa kiunoni unakakamaa. Raba zilizofungwa kwenye boksi ndizo zinazoniumiza zaidi: ukizitazama juu unadhani ni mpya, mtoto akizivaa na kutembea hatua chache, soli inameguka na kudondoka vipandevipande. Soli nyingi za aina ile huliwa na unyevu hata zisipovaliwa. Kama mna mpango wa mtoto mwingine, wekeni boksi moja la nguo zilizofuliwa na kukauka kabisa, liwe juu ya kabati, si sakafuni. Vingine vyote viende kwa mtoto anayevihitaji mwaka huu.

Mwenye vitu ni mtoto, na hapa sina mjadala na mzazi. Nimeshaona mtoto akimtafuta mdoli wake nyumba nzima kwa sababu ulitolewa akiwa shuleni. Baada ya hapo hakuna kitu alichokubali kukiachia, hata soksi iliyotoboka. Mtoto wa miaka minne anaweza kuchagua kati ya vitu viwili ulivyomwekea mbele. Wa miaka saba anaweza kumaliza rafu nzima, mradi aambiwe kinakwenda kwa nani. Binti mmoja alikataa katakata kumtoa dubu wake. Nikamweleza kwamba kuna mdogo wake dada, ana miaka mitatu, anakaa na bibi yake. Akaniuliza, "Analala na nani?" Nikamjibu, analala na bibi. Akanyamaza, kisha akamleta dubu mwenyewe, akataka aandikiwe karatasi yenye jina lake. Tukamwandikia, tukambana nayo kwa pini shingoni, na kabla mzigo haujafungwa nikaitoa pini na kuifunga karatasi kwa uzi, kwa sababu pini si ya kumpelekea mtoto wa miaka mitatu.

Kuna vitu ambavyo simpi mtu hata akiniomba. Kigari cha kujifunzia kutembea, chenye magurudumu, nakivunja. Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004, hata kilichokwishatumika, kwa ajili ya watoto wanaoporomoka nacho kwenye ngazi. Na hakiharakishi kutembea. Kitanda cha mtoto mchanga kipimwe kati ya fito: nafasi isizidi sentimita 6, kopo la soda lisipite. Kile ambacho ubavu wake unateremka kisitolewe kabisa; Marekani iliacha kuruhusu viuzwe mwaka 2011. Midoli inayoimba na kuwaka taa ikaguliwe kifuniko cha betri kama kina skrubu. Betri ndogo za duara zikimezwa na kukwama kooni zinaweza kuanza kuunguza ndani ya saa mbili.

Ukiamua kupeleka kwenye makao ya watoto, piga simu kwanza. Makao yanatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako anayajua ya eneo lake. Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba nguo za vichanga zimejaa, ila za wavulana wa miaka 10 hadi 14 hakuna. Peleka walichokitaja, kikiwa kimefuliwa na vifungo viko kamili. Acha simu mfukoni. Mtoto aliyepokea sweta hana deni la picha kwako, na yuko darasa moja na watoto watakaoiona.

Yaliyobaki ni madaftari yaliyoandikwa. Hununuliwa na wauza karanga na maandazi kwa ajili ya kufungia, na hilo ni jema. Mwache mtoto abakishe moja la kila mwaka. Kwa mengine, ng'oa jalada na kila ukurasa wenye jina lake, shule yake na namba ya simu ya mzazi.