Usipandishe presha ya mafuta kuficha injekta ndogo

Wiki mbili zilizopita jamaa ameniletea Subaru Legacy ya tabo (ile feni inayosukumia injini upepo zaidi) ikiwa juu ya breakdown, inatoa moshi kwenye dipstiki, nimefungua nikakuta pistoni ya silinda ya nne imeyeyuka ukingoni kama mshumaa. Nikamuuliza, ssebo (bwana), umefanya nini? Akasema hakuna kitu, nimeongeza busti (presha ya upepo wa tabo) kidogo tu, na mafuta yako sawa kwa sababu kuna mtu alinipandishia presha ya mafuta mpaka bar 5. Hapo nikajua ugonjwa ni ule ule, na kwa vile hapa Kampala kila mwenye Subaru au Mark II yenye injini ya 1JZ siku hizi anataka busti, wacha niandike niache kurudia simu.

Anza na farasi unaotaka, yaani nguvu ya injini. Sio size ya injekta (kile kidude kinachomwagia silinda mafuta) ambayo rafiki yako amefunga, sio ile uliyoona inauzwa bei poa kwenye soko la spea la Kisekka. Injini ya tabo ya petroli inakula kama gramu 270 za mafuta kwa kila farasi mmoja kwa saa. Isiyo na tabo inatosheka na 225 hivi, lakini ya tabo tunaimwagia zaidi makusudi ili mafuta yenyewe yapoze ndani ya silinda isianze kugonga (mchanganyiko kulipuka ovyo kabla ya wakati wake). Ukigeuza hio 270 kuwa cc unapata takriban cc 6.3 kwa dakika kwa kila farasi, hio namba ishike kichwani maana ndo kazi yote iko hapo.

Jamaa alitaka farasi 300 pale kwenye krenki, yaani inapotoka kwenye injini (sio kwenye matairi, kwa matairi yote manne inashuka sana, usichanganye). 300 mara 6.3 ni cc 1,890 kwa dakika. Injekta ziko nne, kwa hivo kila moja ibebe karibu cc 472. Sasa usikimbie kununua ya 472, kwa sababu injekta haitakiwi kukaa wazi muda wote. Kwa 7,000 rpm mzunguko mzima wa silinda moja ni milisekunde 17 tu, na ndani ya hizo injekta inatakiwa ifunguke, imwage, ifunge vizuri, na kufunguka kwenyewe kunakula karibu milisekunde moja kabla mafuta hayajatoka. Mimi siiachi ikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, wengine wanaenda 85, sigombani nao. 472 gawa kwa 0.8 unapata 590, dukani hio utaikuta ni 600 au 650.

Gari yake ilikuwa na za 440. Kumbuka hizo cc zinapimwa kwa presha ya bar 3, ukinunua uliza ilipimwa kwa ngapi maana kuna wauzaji wanapima kwa 4 ili namba ionekane kubwa.

Huyo aliyempandishia presha hesabu yake kwenye karatasi ilikubali, ndo maana inaudhi. Presha ikipanda mafuta yanaongezeka kwa kipeuo cha pili, sio sawa kwa sawa, yaani ukiongeza presha mara mbili unapata asilimia 41 tu zaidi. Kutoka bar 3 kwenda 5, ile 440 inakuwa 568. Inatosha kabisa si ndio? Shida ni kwamba reguleta (inayoshikilia presha ya mafuta) ya gari ya tabo ina mpira unaotoka kwenye manifodi (bomba la kuingizia injini upepo), busti ikipanda bar moja na presha ya mafuta lazima ipande bar moja, kwa sababu injekta inamwaga ndani ya manifodi yenye upepo unaoisukuma irudi nyuma. Kinachohesabika ni tofauti ya pande mbili. Kwa hivo 5 pamoja na busti ya 1.2 pampu inatakiwa isukume 6.2, na pampu yenyewe ni ile ya kiwandani iliyozeeka.

Nikaijaribu bila hata injini kuwaka. Nimewasha pampu, nikaingiza upepo wa bar 1.2 kwenye ule mpira wa reguleta, geji kwenye reli (bomba linalozigawia injekta mafuta). Badala ya 6.2 ikakwama 5.2, paipu ya kurudisha mafuta kwenye tenki ikawa kavu haidondoshi hata tone, maana yake vali ya ndani ya pampu imefunguka inajiokoa. Na hapo hakuna injekta inayokunywa bado! Zikianza kunywa karibu lita mbili kwa dakika, tuseme inashuka 4.4, toa 1.2 ya busti inabaki 3.2, injekta inatoa cc 454 na injini inataka 472. Hata ikae wazi asilimia mia haifiki. Pistoni ikaungua na dereva anaangalia geji ya busti anafurahi.

Mimi presha ya msingi naacha bar 3. Kama umepungukiwa kidogo, 3.5 inakupa asilimia 8 na hio sio dhambi, hata 4 naikubali kama pampu ni mpya. Zaidi ya hapo nunua injekta. Kuipima, chomoa ule mpira, uzibe, gari ikiwa kwenye silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Ukiurudisha utaona inashuka 2.4 hivi, usiogope, ni manifodi inavuta. Na ule mpira ufunge na klipu tafadhali, ukichomoka kwenye busti ya 1.2 unapoteza asilimia 22 ya mafuta papo hapo.

Pampu nayo: 1,890 kwa dakika ni lita 113 kwa saa, ongeza robo uwe na 140, lakini iwe inatoa hizo kwenye presha ya 4.2, sio ile namba ya kwenye boksi. Alafu pima volti kwenye soketi ya pampu kule tenkini, sio kwenye betri. Waya za hizi gari zimechoka, unakuta betri 14 na pampu inapata 11.5. Vuta waya nene mpya na rilei yake.

Injekta za zamani za ohm 2 au 3 zisiunganishwe ovyo kwenye kompyuta iliyotengenezwa kwa za ohm 12, utaichoma. Na za mtumba zipimwe kwenye mashine zote nne, moja ikitoa kidogo kuliko wenzake ndo silinda itakayokufa.

Kitu kingine watu hapa wanasahau ni mwinuko. Kampala tuko mita 1,200 hivi, hewa yetu ni bar 0.88. Busti ya 1 kwenye geji hapa ni 1.88 jumla, ukishuka Mombasa inakuwa 2.01, hewa karibu asilimia 7 zaidi na geji inasoma ile ile. Gari iliyokuwa inatumia injekta asilimia 90 hapa kule inafika 96.

Jamaa tumemfungia 650, pampu mpya, presha tumerudisha 3. Logi (rekodi ya kompyuta ya gari) ya juzi njia ya Entebbe imesoma injekta asilimia 74 kwa busti ile ile ya 1.2. Disemba anateremka Mombasa na familia, nimemwambia akifika anitumie logi kabla hajaenda kuogelea.