Namba si tasa, na vigawo vyake havijulikani

Juma hili nimeulizwa tena, safari hii na mtu anayefundisha hesabu: "Kama namba hii si tasa, vigawo vyake viko wapi?" Jamani! Kujua kuwa namba si tasa, yaani hugawanyika kwa namba nyingine mbali na 1 na yenyewe, ni kazi moja. Kuvipata vigawo vyake ni kazi nyingine, ngumu zaidi kwa mbali.

Chukua 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Mersenne, mtawa na mwanahisabati Mfaransa, aliitaja kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akathibitisha kuwa si tasa, asionyeshe hata kigawo kimoja. Vigawo, 193707721 na 761838257287, alivitoa Frank Nelson Cole mwaka 1903. Katika miaka 27 iliyopita katikati, jambo hilo halikuwa dhana. Lilikuwa limeshathibitishwa.

Tazama mdogo wake, 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11, toa 1. Nitatumia kipimo cha Lucas kama mwanahisabati Lehmer alivyokinyoosha baadaye. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2047, shika baki. Rudia na baki hilo. Utapata 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na hatua ya tisa, 1736. Kipeo kikiwa namba tasa ya witiri, unakwenda hatua zilizo pungufu ya kipeo kwa 2, na namba ni tasa pale tu baki la mwisho linapokuwa 0. Hapa limekuwa 1736, basi imekwisha, na wala hatujagusa vigawo vyake, 23 na 89. Kwa kipeo cha 67, hatua ni 65 tu. Anayetafuta vigawo kwa kugawanya, hata akijua kuwa kila kigawo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 134, atakuta 193707721 imesimama nafasi ya 1445580 kwenye foleni ya namba za kujaribu.

Linaloninyima usingizi ni jingine, na vitabu hulipita kimya. Ukiteleza hatua moja tu, karibu hakika utaishia na baki lisilo 0, na hilo ndilo jibu lilelile la "si tasa". Kosa na ukweli vinafanana sura. Vigawo havina utata huo: unazidisha, unaona mwenyewe. Hapo muulizaji wangu ana hoja, ila ni hoja kuhusu mkono wa mkokotoaji, haigusi uthibitisho. Ndiyo maana hukokotoa mara mbili, kwa programu mbili tofauti, kisha nalinganisha mabaki ya mwisho tarakimu kwa tarakimu. Yakipishana hata kwa moja, naanza upya.

Na kungoja vigawo kunaweza kuchukua umri wa mtu. 2 kwa kipeo cha 16384, jumlisha 1, ina tarakimu 4933. Ilijulikana kuwa si tasa tangu miaka ya 1960. Kigawo chake cha kwanza kilionekana mwaka 2010.