Kuunganisha Sentensi Fupi za Kiingereza

Insha nyingi za Kiingereza ninazosahihisha zimejaa sentensi za namna hii: "Juma was tired. He had walked from the market. He went to bed." Sarufi ni sahihi, ila msomaji ameachiwa kazi ya kutafuta nini kimesababisha nini. Mwanafunzi akiambiwa aunganishe, hupachika "and" kila penye nukta, na uhusiano unabaki umejificha vilevile.

Kabla ya kutafuta kiunganishi, amua habari kuu ni ipi. Hapa ni Juma kwenda kulala. Uchovu na safari ni sababu tu. Basi andika: "Tired after walking from the market, Juma went to bed." Habari kuu imepewa kishazi huru, yaani sehemu inayoweza kusimama peke yake kama sentensi, na zilizobaki zinaitegemea.

Muundo huo ni mzuri, lakini ndio unaotutega zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili. Tunasema "Nikirudi nyumbani, mvua ilianza kunyesha", na hakuna utata, maana "ni-" imeshasema nani anarudi. Sasa ione kwa Kiingereza: "Walking home, the rain started." Neno "walking" halina kiambishi cha nafsi. Msomaji wa Kiingereza hutafuta mtendaji kwenye kiima kinachofuata, yaani jina linalotangulia kitenzi kikuu, na kiima hicho ni mvua. Kwa hiyo mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea kurudi nyumbani! Ama umtaje mtendaji, "As I was walking home, the rain started", ama ubadilishe kiima: "Walking home, I was caught in the rain." Kila ukianza sentensi na kitenzi chenye "-ing", kagua neno linalokuja baada ya mkato. Je, ndiye anayefanya hicho kitendo?

Mkato nao una mipaka yake. "Akaingia, akaketi, akala" inatiririka kwa sababu "-ka-" inafunga matukio. Kiingereza hakina kitu kama hicho, hivyo "He came in, he sat down, he ate" husomeka kama imekatikakatika. Ondoa viwakilishi vinavyojirudia, weka kiunganishi mwishoni: "He came in, sat down and ate." Viima vikitofautiana, mkato peke yake hautoshi kabisa. "The rain stopped, we left" ni kosa. Andika "The rain stopped, so we left" au "When the rain stopped, we left".

"Although" na "but" visikae katika jozi moja, hata kama "ingawa" na "lakini" huandamana kwetu bila shida: "Although she was ill, she came."

Halafu kuna virejeshi. "Kitabu nilichokinunua" kina "-ki-" ya mtendwa, nayo huwafanya wengi waandike "The book which I bought it is lost". "Which" imeshasimama badala ya kitabu, kwa hiyo futa "it": "The book which I bought is lost."