Wasia wa Robert Arden: mkulima wa Kiingereza alivyogawa mali yake mwaka 1556

Kwa kuwa kazi yangu ni kusoma nyaraka za wasia za wakulima wa Uingereza wa karne ya 16 na 17, kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni la msomaji kudhani kwamba wasia ndio mgawanyo wote wa mali. Akiona mtoto mmoja ameachiwa shamba na mwenzake hata hakutajwa, huhukumu hapohapo kwamba baba alikuwa na upendeleo. Mara nyingi wasia ulikuwa neno la kumalizia tu, la kuyaweka sawa yale ambayo hati, ndoa na mila za mahali zilikuwa hazijayagusa.

Robert Arden wa kijiji cha Wilmcote, Warwickshire, ni mfano mzuri. Jina lake linajulikana kwa sababu binti yake wa mwisho, Mary, ndiye aliyemzaa William Shakespeare, lakini mjukuu huyo hatuhusu hapa. Arden alikuwa mkulima mwenye uwezo, baba wa mabinti wanane asiye na mtoto wa kiume, aliyeoa mara ya pili mjane aliyeitwa Agnes, ambaye alikuja na watoto wake mwenyewe. Aliandika wasia wake tarehe 24 Novemba 1556.

Kama ilivyokuwa desturi, roho ilitangulia mali. Arden aliikabidhi roho yake kwa Mwenyezi Mungu, kwa Bikira Maria na kwa jamii yote takatifu ya mbinguni, maneno ya Kikatoliki yaliyofaa kabisa chini ya Malkia Mary, na akaagiza azikwe katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, Aston. Ndipo akamgeukia binti yake mdogo, Mary, akampa ardhi yake yote ya Wilmcote iliyoitwa Asbies, pamoja na mazao yaliyomo, yaliyopandwa na kulimwa kama yalivyo. Novemba ni mwezi ambao mbegu za msimu wa baridi zimekwisha kufukiwa, na Arden hakutaka mtu yeyote aje kudai kwamba ardhi ni ya Mary ila ngano ni ya wengine.

Zawadi hiyo ilikuwa na uzito wa kisheria ambao leo hauonekani kwa urahisi. Mkulima mwenye ardhi ya umiliki huru akifa bila kusema neno, sheria ya kimila ya Kiingereza (common law) ilimpa mwana wa kiume wa kwanza yote. Asipokuwepo mwana, mabinti waligawana sawasawa. Asbies, kwa hiyo, ingekatwa vipande vinane. Kilichomwezesha Arden kumpa mmoja yote kwa maandishi ni Sheria ya Wasia ya mwaka 1540, kwani kabla yake ardhi ya namna hiyo kwa kawaida haikuweza kurithishwa kwa wasia moja kwa moja, na wenye nayo walilazimika kupitia kwa wadhamini walioishika kwa niaba yao.

Kwa mkewe, sauti inabadilika. Anamwachia pauni 6, shilingi 13 na peni 4, kwa sharti kwamba katika muda wa ujane wake amwache Alice, binti wa Arden, akae kwa amani na kutumia nusu ya shamba jingine la Wilmcote. Akikataa, atapata pauni 3, shilingi 6 na peni 8 tu, pamoja na fungu lake la ujane lililoko Snitterfield, kijiji kingine cha Warwickshire. Hesabu hizo zinaonekana za ajabu mpaka ukumbuke kwamba watu walihesabu pia kwa maki, kipimo cha shilingi 13 na peni 4 (pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12): mama wa kambo aliahidiwa maki 10, na ubishi ungemgharimu nusu. Shamba hilo la pili lilikuwa chini ya kabaila, na haki ya mkulima ilikuwa ile iliyoandikwa katika kumbukumbu za baraza la kabaila huyo, na mkulima akibaki na nakala. Ndiyo maana, naamini, Arden alitumia fedha kama mtego badala ya kutoa amri: ardhi ile hakuwa huru nayo kama Asbies.

Alice alipewa pia theluthi ya mali nyingine baada ya madeni kulipwa, na yeye na Mary wakawekwa kuwa wasii, yaani watekelezaji wa wasia. Watoto wengine waligawana kilichobaki. Kila nyumba ya parokia ya Aston isiyokuwa na wanyama wa kukokota plau ilipata peni 4.

Tarehe 9 Desemba mali zinazohamishika ziliorodheshwa na kuthaminiwa: maksai wanane, kondoo, farasi, nguruwe, nyuki, nyama iliyoning'inizwa darini, na vitambaa vya ukutani vilivyochorwa picha. Jumla ilikuwa pauni 77, shilingi 11 na peni 10. Ardhi haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu mahakama za kanisa, zilizothibitisha wasia hadi 1858, zilishughulika na mali inayohamishika.

Je, mabinti wengine walidhulumiwa? Hapo ndipo hati za Julai 1550 zinapohitajika. Miaka sita kabla ya kufa, Arden alikuwa amekwisha kuandikisha kwamba mali yake ya Snitterfield ibaki kwake na kwa Agnes maisha yao yote, kisha iende kwa mabinti zake kadhaa, wakiwemo walioolewa. Mary hakuwamo. Anayesoma wasia peke yake humwona Mary kipenzi cha baba; anayesoma wasia pamoja na hati hizo humwona binti ambaye zamu yake ilikuwa bado.

Mwaka 1578 Mary na mumewe waliiweka Asbies rehani kwa pauni 40 kwa Edmund Lambert, mume wa Joan, dada yake Mary. Hawakuipata tena, ingawa walishtaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1590. Lambert alipofariki, ilishikwa na mwanawe John, ambaye naye alikuwa mjukuu wa Robert Arden.