Je, wajua kwa nini kuna almasi zinazobadilika rangi zenyewe?

Ifungie almasi ya kinyonga kwenye sefu kwa siku kadhaa, kisha uitoe: utaikuta ya njano. Iache mezani penye mwanga, nayo itaanza kurudia rangi yake ya kawaida, kijani cha zeituni kilichochanganyika na kijivu. Ukiipasha joto hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, njano inarudi, tena upesi zaidi kuliko gizani. Ikipoa kwenye mwanga, inakuwa kijani kama mwanzo.

Wataalamu wa vito walianza kuandika juu ya tabia hii katika miaka ya 1940. Wakataji wa vito ndio walio katika nafasi nzuri ya kuigundua, kwa sababu almasi ikisagwa kwenye gurudumu hupata moto kwa msuguano, na hapo rangi hugeuka mbele ya macho yao.

Siri iko wapi? Almasi ya kaboni tupu haina rangi. Rangi huletwa na kasoro ndogo sana ndani ya fuwele, kama vile atomi ngeni zilizojipenyeza miongoni mwa zile za kaboni. Almasi za kinyonga zina naitrojeni, haidrojeni kwa wingi, na mara nyingi nikeli kidogo. Kasoro hizo humeza baadhi ya rangi za mwanga, na macho yetu huona zile zilizobaki.

Hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Kuna sehemu ya mwanga wa buluu ambayo jiwe hili huimeza wakati wote, na ndiyo maana njano haiko mbali kamwe. Likiwa kwenye mwanga, humeza pia sehemu kubwa ya upande wa nyekundu. Ukiondoa buluu na nyekundu, kinachobaki ni kijani. Giza au joto hupunguza umezaji ule wa nyekundu, kwa hiyo njano inajitokeza peke yake. Yaani rangi ya pili haiongezwi na moto. Ilikuwemo tangu mwanzo, imefunikwa tu.

Kinachofanya umezaji huo uje na kuondoka ni elektroni. Mwanga huzihamisha kutoka kasoro moja hadi nyingine, na huko hunaswa. Joto huzipa nguvu ya kurudi zilikotoka. Gizani hurudi zenyewe, ila polepole. Hakuna atomi inayohama wala kupotea, ndiyo maana jiwe linaweza kugeuka na kurudi mara nyingi bila kuchakaa. Ni kasoro zipi hasa zinazopokezana elektroni hizo, wanasayansi bado wanalijadili.

Tabia hii isichanganywe na ya aleksandriti, ambayo hupatikana pia Tanzania. Hiyo huonekana kijani juani na nyekundu chini ya taa ya balbu ya zamani ya waya kwa sababu mianga hiyo miwili haifanani. Ndani ya jiwe lenyewe hakuna kilichobadilika.

Almasi za kinyonga ni adimu, na kubwa ni adimu zaidi. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya kampuni ya Chopard, yenye umbo la yai na uzito wa zaidi ya karati 31.

Mtu akikuonyesha almasi ya kijani na kudai ni kinyonga, usikimbilie kiberiti. Almasi ni kaboni, na moto mkali ukikutana na hewa huiunguza uso. Kuna dalili ya upole zaidi: mulika jiwe kwa taa ya urujuanimno, halafu uizime. Almasi ya kinyonga huendelea kutoa mwanga wa njano kwa muda hata baada ya taa kuzimwa. Dalili hiyo peke yake haitoshi kununulia, kwa hiyo dai cheti cha maabara. GIA, taasisi ya vito ya Marekani, huandika kwenye ripoti yake kwamba jiwe ni kinyonga, na daraja la rangi hutolewa kwa ile rangi yake ya kawaida, ya kijani.