Je, Wajua Kwa Nini Hablaré Haikatwi Mkia?

Anayeanza kujifunza Kihispania hupewa kanuni moja mapema: chukua kitenzi-jina, tuseme hablar, kusema, kata -ar, kisha bandika kiambishi cha nafsi na wakati. Hablo, nasema. Hablas, unasema. Hablé, nilisema. Hablaba, nilikuwa nikisema. Comer, kula, na vivir, kuishi, hupita njia hiyohiyo, viambishi tu ndivyo vinavyobadilika kidogo. Kanuni hiyo inamfikisha mtu mbali, mpaka anapogusa wakati ujao.

Nilipofika hapo nami nilikata kama nilivyozoea. Nilijua "nitasema" huishia na é, basi nikamwandikia mgeni niliyekuwa nampangia safari: Mañana hablé con el chofer. Nilikusudia "kesho nitazungumza na dereva"; nilichoandika ni "kesho nilizungumza na dereva". Akajibu kwa upole, akiuliza kama dereva ameshakubali. Nilipaswa kuandika hablaré, na ile -ar ikae ndani nzima.

Kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini kwamba wakati ujao nao hukatwa, ila una viambishi virefu: habl- na -aré, com- na -eré, viv- na -iré. Jedwali la namna hiyo halitakuangusha kwenye mtihani. Lakini linakudai seti tatu za viambishi vya kukariri, wakati lugha yenyewe ina moja tu. Weka maneno haya kando kwa kando: hablamos, comemos, vivimos, tunasema, tunakula, tunaishi. Kila kundi lina mwisho wake. Sasa yapeleke mbele: hablaremos, comeremos, viviremos. Mwisho ni uleule, -emos, na kitenzi-jina kimebaki kizima mbele yake. Kilichobandikwa pale hakijali kundi la kitenzi, kwa sababu kwa asili yake si kiambishi. Ni kitenzi kingine.

Kitenzi hicho ni haber. Katika wakati uliopo huenda hivi: he, has, ha, hemos, habéis, han. Herufi h haitamkwi, kwa hiyo isome kwa sikio: e, as, a, emos, abeis, an. Halafu tazama miisho ya wakati ujao: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Tano zinalingana kabisa, na moja imepoteza silabi ya mbele. Hata "ningesema", hablaría, imeundwa vivyo hivyo: hablar na había, yaani haber ya wakati uliopita, ambayo nayo imepoteza kichwa ikabaki -ía.

Haber imetoka kwa Kilatini habere, kuwa na. Siku hizi Mhispania mwenye gari hatumii haber kulitaja, husema tengo. Haber imebaki kusaidia vitenzi vingine, kama he hablado, nimesema. Zamani maana ya kumiliki ilikuwa hai, na watu wakasema cantare habeo, yaani nina kuimba. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo. Ukisema "nina barua ya kuandika", barua haijaandikwa bado. Iko mbele yako, unayo kama deni. Kutoka "nina la kuandika" hadi "nitaandika" ni hatua fupi.

Kwa nini walihitaji njia mpya wakati Kilatini kilikuwa na wakati ujao wake? Cantabit ilikuwa "ataimba" na cantavit "aliimba". Sauti za b na v katikati ya irabu zilipokuja kufanana, kesho na jana zikasikika neno moja. Kundi jingine lilikuwa na dicit, anasema, na dicet, atasema, nazo zikasogeleana vilevile. Haifuati kwamba mgongano huo ndio sababu pekee. Wataalamu wengine huona kwamba "nina la kuimba" ilipendwa kwanza kwa uzito wake, na sauti zikaja kumalizia kazi.

Kuungana kwenyewe ndiko kunakonivutia zaidi, na Kiswahili kina mfano wake kila siku nyumbani. Mwana wangu huwa mwanangu. Mwenzi wangu huwa mwenzangu. Mume wake huwa mumewe. Neno la pili linapofuata la kwanza mara elfu, linapungua na kushika mgongo wa mwenzake, mpaka linakuwa mkia. Habéis kugeuka -éis ni kama wangu kugeuka -ngu. Dalili kwamba maneno mawili bado hayajashikana ni kuweza kupenyeza neno katikati. "Mwana huyu wangu" inawezekana. Ndani ya "mwanangu" huna pa kupenyeza kitu.

Kihispania cha kale kilikuwa bado kina ule mwanya. "Nitakupa" iliweza kuandikwa dar te he: kutoa, wewe, ninako. Leo ni te daré, mwanya umezibwa. Kireno hakijauziba kabisa, kwa maana maandishi yake rasmi bado yana dar-te-ei, na kiwakilishi kimekaa katikati ya kitenzi.

Ushahidi wa maandishi wa muungano huu ni wa zamani sana. Tarihi iitwayo ya Fredegar, ya karne ya 7, inasimulia Justinian, kaisari wa Roma ya Mashariki, akimdai mfalme wa Waajemi arudishe majimbo. Mfalme anajibu non dabo, sitatoa, kwa Kilatini cha vitabuni. Justinian anamwambia daras, utatoa, na ati pale ukajengwa mji wenye jina hilo. Kisa si cha kweli, maana mji wa Dara ulijengwa na kaisari Anastasius kabla Justinian hajatawala. Na tarihi yenyewe iliandikwa katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, si Hispania. Lakini neno ni la kweli: dare, kutoa, na habes, unayo, zimeshaungana mdomoni mwa watu. Antonio de Nebrija naye, katika sarufi yake ya Kikastilia, yaani Kihispania, ya 1492, alieleza wazi kwamba wakati ujao umeundwa kwa kitenzi-jina pamoja na haber.

Vitenzi vinavyoitwa vikaidi, visivyofuata kanuni ya kawaida, navyo vinathibitisha jambo hili. Viko 12 vya msingi, na hakuna hata kimoja kinachokosea mwishoni; karibu vyote hubadilika mahali pa kuungia tu. Mkazo ulipokwenda kwenye mkia, irabu iliyokuwa mbele yake ilififia: poder é ikawa podré. Kwa tener, n na r ziligusana, na ulimi ukitoka kwenye n kwenda r hupita kwenye d, basi ikawa tendré. Kinywa cha Mswahili kinaijua njia hiyo: n ikikutana na refu hatusemi nrefu, tunasema ndefu. Kwetu d imechukua nafasi ya r, kwao imejiingiza katikati, lakini ulimi ni uleule.

Na -ta- ya "nitasema" je? Hiyo ni kitenzi taka kilichokatwa. Tia o-rejeshi uone kinavyojitokeza kizima: atakayekuja, nitakachosema, yatakayotokea. Bado tunasema mvua inataka kunyesha, na mvua haina matakwa. Wao walianza na kumiliki, sisi na kutaka, tukakutana kwenye kesho.

Tunakutana tena mahali pasipotarajiwa. Mhispania asiyevaa saa akiulizwa saa ngapi husema serán las tres, neno kwa neno "zitakuwa tatu". Haongei habari za baadaye, anakisia ya sasa hivi. Nasi kwa saa hiyohiyo tunasema itakuwa saa tisa. Na mtoto akinyamaza chumbani tunasema atakuwa amelala.

Matumizi hayo ya kukisia yanazidi kuwa muhimu kwa hablaré, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida, hasa Amerika ya Kilatini, kesho inasemwa zaidi kwa njia nyingine: voy a hablar, naenda kusema. Maneno mawili yako tena kando kwa kando, kitenzi cha kawaida kimeanza kufanya kazi ya wakati. Bado hayajashikana. Kiwakilishi kinaweza kutangulia, te voy a hablar, au kikasubiri mwisho, voy a hablarte, na kati ya voy na hablar bado unapata nafasi ya kupumua.